Udongo wa Nyayo za Jirani

Jioni mdogo wangu alipopigwa, nilisikia yowe nikiwa jikoni naepua sufuria ya maharage. Yowe la mwizi linajulikana, linapokewa kutoka nyumba hadi nyumba mpaka linajaza bonde zima. Nilisimama mlangoni kidogo, nikasikiliza linatokea upande gani, nikasema moyoni, afadhali leo wamempata. Kisha nikarudi ndani kumalizia chakula. Kwa muda mrefu sikumwambia mtu yeyote hilo.

Msimu ule wizi wa parachichi ulikuwa umetuchosha sote hapa Kisondela. Unaamka asubuhi unakuta mti uliokuwa umejaa umebaki majani na matawi yaliyovunjika. Watu walijenga vibanda mashambani wakawa wanalala humo na mapanga. Hasira ilikuwa kila mahali, na mimi nilikuwa nayo, maana miti yangu minne ilikuwa imechumwa yote.

Mdogo wangu alikuwa mchumaji. Wanunuzi wakija na gari, yeye na wenzake walikodiwa kupanda miti ya watu na kuchuma kwa mkono, wakiacha kikonyo kidogo juu ya tunda ili lisioze njiani. Siku ile alipewa matunda yaliyokataliwa, yale madogo na yenye makovu, akayatia kwenye kiroba amletee mama. Njia ya mkato ya kuja kwetu inapita kwenye shamba la jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Giza lilikuwa linaanza kuingia, ukungu umeshuka. Jirani aliona mtu na kiroba kati ya migomba, akapiga yowe. Ilikuwa siku ya gulio na watu wengi walikuwa njiani wanarudi makwao.

Nilipofika, nikiwa nimeitwa na mwanamke aliyemtambua kwa koti lake, wale watu walikuwa wameshatawanyika. Tulimpakia kwenye bodaboda, tukamfunga kati yangu na dereva, tukashuka naye hadi barabarani, tukapata gari mpaka hospitali mjini. Aliishi usiku ule na mchana uliofuata. Hakusema neno. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika. Kila mtu alisema alifika wakati mambo yamekwisha. Jina pekee lililojulikana lilikuwa la jirani aliyepiga yowe, na yeye alieleza kwamba alimwona mtu gizani shambani mwake, akaomba msaada kama mtu yeyote angeomba, basi. Waliopiga hakuwataja.

Hakuja msibani. Kwetu, mtu asiyekuja kwenye msiba wa jirani yake amesema jambo kubwa kuliko maneno. Alimtuma mke wake na mkungu wa ndizi na mzigo wa kuni. Niliupokea ule mkungu kwa mikono miwili mbele ya watu, kisha nikaubeba mwenyewe hadi daraja la kijito, nikauacha pale upande wake.

Baada ya matanga mjomba wangu, kaka yake mama, alibaki nyumbani siku tatu zaidi. Siku ya mwisho aliniita nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe.

"Wewe ndiye mkubwa," aliniambia. "Mama yako amechoka, hawezi kuulizwa. Nakuuliza wewe. Tunaacha hivi hivi?"

"Mjomba, tutafanya nini? Hakuna anayekubali kusema."

"Kuna mzee mmoja, safari ya siku nzima kutoka hapa. Anatuma radi. Haigusi asiyehusika, inamfuata mwenye kosa mpaka chini ya kitanda. Anataka udongo tu. Udongo wa nyayo zake, mguu wa kulia, ukiwa bado mbichi."

Nilikuwa nimebatizwa tangu utoto. Nilikuwa nafundisha watoto shule ya Jumapili kwa miaka kumi na tisa. Ningeweza kusema nilisitasita, lakini sikusitasita. Nilimuuliza tu unatakiwa udongo kiasi gani.

"Kijiko kimoja kinatosha," mjomba alisema.

Jirani yetu hakuacha kuja kanisani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba alikuwa anakaa upande wa wanaume, benchi la nne, anafungua kitabu cha nyimbo kama kawaida. Jumapili moja mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja wa kanisa ulikuwa laini. Nilimtazama anavyotoka. Alikanyaga pale penye tope kando ya ngazi, na kiatu chake kikaacha alama safi kabisa, na mistari yake yote. Nilisubiri watu wasogee kwenye mnada wa sadaka ya mazao. Nikainama kama mtu aliyeangusha kitu, nikachota kwa kijiko cha chai nilichokuja nacho kwenye mkoba wa Biblia, nikatia kwenye mfuko mdogo wa chumvi, nikafunga. Kijiko nilikifuta kwenye nyasi.

Mjomba aliupokea ule mfuko Jumatano yake. Alirudi baada ya wiki moja akasema kazi imefanyika, sasa tusubiri mvua za ngurumo.

Siku chache za mwanzo nilikuwa na furaha ya aina yake. Nilikula vizuri. Nililima kipande cha viazi kilichokuwa kimenishinda tangu msiba. Nikimwona jirani ng'ambo ya kijito anakata majani ya ng'ombe, nilimtazama kama mtu anayetazama mgeni anayeondoka kesho.

Halafu masika yakaanza, na furaha ile ikaniacha.

Nyumba yake inaonekana vizuri kutoka mlangoni kwangu. Ina bati la bluu, jipya, liko juu kidogo ya mteremko wa migomba. Kila siku kuanzia saa nane mchana wingu lilianza kukusanyika upande wa mlima Rungwe, likashuka pole pole, na mimi nilikuwa siwezi kufanya kazi yoyote. Nilishika jembe nikaliacha. Nilianza kufua nikaacha nguo kwenye beseni. Ngurumo ya kwanza ikisikika mbali, nilisogea mlangoni. Nilikuwa nahesabu tangu mwanga mpaka sauti, na hesabu ikipungua nilikuwa natoka nje kwenye mvua kulitazama bati lile. Mama alinikuta nje mara mbili, nimelowa.

"Unatafuta nini huko?" aliniuliza.

"Ng'ombe," nikasema, na ng'ombe yuko bandani.

Sikuwa na uhakika kama naiamini radi ile. Siku nyingine nilijiambia ni uongo wa wazee, udongo ni udongo tu. Lakini hapohapo nilijua kwamba nilipouchota sikuwa nafanya mchezo. Nilitaka afe. Na ndani ya nyumba ile alikuwa akilala mke wake na watoto watatu, na mimi nilikuwa nimetegemea ahadi ya mzee ambaye sijawahi hata kumwona, kwamba radi haigusi asiyehusika.

Binti yake mdogo alikuwa darasani kwangu shule ya Jumapili. Miaka sita, amepungukiwa meno mawili ya mbele. Jumapili moja ngurumo ilipiga karibu, madirisha yakatikisika, na watoto wakacheka kwa woga jinsi watoto wanavyocheka. Yeye hakucheka. Alikuja akaingia chini ya kanga yangu, akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Nilihisi moyo wake unavyokwenda mbio. Nikamwekea mkono kichwani, mkono ule ule ulioshika kijiko.

Siku hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana. Sikwenda mbele. Nilisingizia kichwa. Na tangu wiki kadhaa kabla nilikuwa tayari siwezi kusali Sala ya Bwana pamoja na wengine. Tukifika pale penye kusameheana nilikuwa nafunga mdomo, nasubiri wapite, kisha naungana nao mbele. Nilidhani hakuna anayeona.

Alhamisi iliyofuata radi ilipiga kweli. Nilikuwa nimeketi na mama jikoni. Mwanga na sauti vilikuja pamoja, sufuria zikalia ukutani, na mama akaita jina la Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala." Mimi nilikuwa nimeshatoka. Nilikimbia mpaka ukingoni mwa shamba, bila viatu. Bati la bluu lilikuwa pale pale, mvua inaruka juu yake. Moshi ulikuwa unatoka chini zaidi, karibu na njia ya shule. Baadaye tulisikia kwamba ng'ombe wa mjane mmoja alikuwa amefungwa chini ya mkaratusi, mti ukapasuka, ng'ombe akafa. Mjane yule hakuwa na kitu kingine.

Radi hupiga kila mwaka kwetu, hakuna ajabu. Lakini usingizi ulikatika kabisa. Nilikuwa nawaza, je, kama ni ile niliyoituma mimi na imekosea nyumba? Nilijua si mawazo ya Mkristo. Yalikuwa ndiyo mawazo niliyokuwa nayo.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni mwanamke, rika langu, amehamishiwa kwetu miaka mitatu tu iliyopita. Nilimkuta kibarazani anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo. Alinisogezea kigoda na upande wa ungo, nikaanza kuchambua naye. Nilimweleza yote huku macho yangu yako kwenye maharage. Nilimweleza kijiko, mfuko wa chumvi, mjomba, bati la bluu, yule mtoto chini ya kanga. Hakunikatiza.

Nilipomaliza aliuliza, "Unataka nikuombee nini?"

"Omba isipige."

"Mungu hapokei amri kwa mganga," alisema. "Siogopi hiyo radi. Umesema mwenyewe ulitaka afe. Bado unataka?"

Niliendelea kuchambua. Kuku walikuwa wanatuzunguka wakisubiri maharage mabovu.

"Sitaki watoto wafe," nikasema.

"Sikukuuliza watoto."

"Mchungaji, mdogo wangu alipigwa kama nyoka. Nikisema sitaki tena, ni kama nasema haikuwa kitu."

"Sijakwambia useme haikuwa kitu. Ilikuwa kitu kikubwa, na mwenye kukijibu yupo, na serikali ipo. Mimi naongea habari ya ule udongo. Uliutoa kwa mikono yako, kanisani kwa Bwana. Ukaurudishe."

"Nitaurudisha vipi? Ulishakwenda."

"Nenda kwa mjomba wako, umwambie umejitoa. Kisha nenda kwa jirani, umwambie ulichofanya."

Nilimwambia hilo la pili haliwezekani. Hakubishana nami. Aliweka ungo chini, akanishika mikono, akaomba, na sala yenyewe ilikuwa fupi. Aliomba nipewe miguu ya kwenda. Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimetarajia kufarijiwa.

Mjomba nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Neno likishatoka halirudi," alisema. "Na wewe usithubutu kumwambia yule. Akijua, atatutangulia. Unadhani yeye hana wa kumwendea? Au hana panga?"

"Mjomba, mimi nimejitoa."

"Basi na mdogo wako umemtoa," akasema, akakata.

Maneno hayo nilitembea nayo siku nne. Sikuweza kula. Nilijaribu kujipa sababu za kungoja: nisubiri mvua zipungue, nisubiri mama apone kikohozi. Lakini kila mchana wingu lilikuja, na nilijua kwamba ikitokea akafa hata kwa malaria, hata kwa kuteleza kwenye daraja, mimi nitabaki na kile kijiko maisha yangu yote. Siku ya tano nikavaa viatu nikavuka kijito. Ilikuwa saa tisa alasiri na wingu lilikuwa limeshafika.

Mke wake alikuwa uani. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono, akasema, "Karibu, dada." Hakuonyesha mshangao. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo nyumba yenye watoto watatu haiwi. Nikauliza watoto wako wapi.

"Wako Kinyala kwa bibi yao," akasema. "Tangu juzi."

Jirani alitoka ndani. Alikuwa amekonda. Tangu msiba sikuwa nimemtazama usoni kwa karibu, na sasa niliona shati linavyomning'inia mabegani. Alinikaribisha sebuleni, nikaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Mvua ilianza wakati ule ule, ikapiga bati kwa kishindo mpaka ikabidi tusogeleane ili tusikizane. Mke aliniletea chai. Niliangalia kile kikombe. Maneno ya mjomba, kwamba akijua atatutangulia, yakanijia, na nikaona kwamba mke yule anaangalia mkono wangu, anasubiri. Nikanywa. Ilikuwa chai ya maziwa, ina tangawizi.

Ngurumo ikapita juu. Nikasema haraka kabla sijapoteza nguvu.

"Nilichota udongo wa nyayo zako pale kanisani. Nikaupeleka kwa mtu, ili radi ikupige. Nimekuja kukuambia nimejitoa. Sitaki tena."

Mke wake ndiye aliyesema.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa mlangoni mwa kanisa nasubiri mtoto avae viatu. Nilikuona na kile kijiko."

Wiki zile zote mwanamke huyu alikuwa ananipa mkono kila Jumapili na kuniuliza hali ya mama. Alikuwa anamleta binti yake darasani kwangu.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje? Mume wangu alisema, acha, ana haki."

Mwanga ukaingia dirishani, sauti ikafuata papo hapo, na sote watatu tukainama. Nilijikuta naomba, kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha, Bwana, isipige hapa. Nilimaanisha yeye pia. Nakumbuka nilishangaa kwamba nimemaanisha.

Kisha jirani akaanza kusema, akiwa ameangalia sakafu.

"Kuna jambo sikuwaambia polisi. Wakati wanampiga nilifika na tochi ya simu. Nikammulika. Nikamjua. Nikajua ni mdogo wako na kwamba yule si mwizi. Nilikuwa na nafasi ya kusema acheni. Walikuwa wamekwishaanza, wengine siwajui, wana hasira. Niliogopa watanigeukia mimi niliyepiga yowe la uongo. Nikazima simu. Nikaingia kwenye migomba nikakaa humo mpaka kelele zikaisha."

Nilikuwa nimekwenda pale na msamaha wangu mdogo, nimeupima kwa kosa nililolijua. Hili lilikuwa kosa jingine. Ngurumo ililia tena, na nitasema kweli, dakika ile niliitamani. Nilitamani ishuke itumalize sisi watatu na bati lenyewe. Niliweka kikombe mezani kwa sababu kilikuwa kinamwagika.

"Sikuja kusikia hilo," nikasema.

"Najua."

Niliinuka niondoke, nikaketi tena. Mvua ilikuwa nzito mno. Tukakaa hivyo karibu saa nzima, mke akilia kimya kimya na kujifuta kwa upindo wa kanga. Nilijaribu kuomba nikakosa maneno. Nilijaribu ile Sala ya Bwana, na nilipofika pale ninapofunga mdomo, niliusogeza tu, kama mtu anayejifunza kusoma. Sikuhisi amani yoyote. Nilihisi baridi miguuni. Lakini niliisema mpaka mwisho, mbele ya mtu mwenyewe.

Mvua ilipopungua nikamwambia, "Kwamba nataka ufe, hilo nimeliacha, na sitalirudia. Hili uliloniambia leo, sijui. Nitamwachia Mungu mpaka nitakapoliweza. Lakini mama yangu sokoni anaitwa mama wa mwizi. Uende ukamwambie ulichoniambia."

Akasema atakwenda.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu mpya, kwamba hatakuja, au kwamba atakuja na mama hataweza kustahimili. Mama ana miaka zaidi ya sabini. Alikuja Jumamosi, yeye na mke wake, na mchungaji akiwafuata nyuma. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya ndizi. Walimwamkia, akaitikia. Jirani akapiga magoti pale pale kwenye maganda, akamweleza yote kwa Kinyakyusa, hakuacha hata ile tochi.

Mama aliendelea kumenya mpaka ndizi iliyokuwa mkononi ikaisha. Kisha akamuuliza swali moja.

"Aliita mtu?"

Jirani akasita. Akanitazama mimi.

"Alimwita dada yake," alisema.

Niliingia ndani. Nilikaa kitandani kwa mama nikiwa nimeshika kichwa. Nilikuwa nimesikia yowe, na chini ya yowe lile alikuwepo yeye akiniita, na mimi nilisema afadhali wamempata, nikarudi kwenye maharage. Siku zote nilikuwa nimemweka jirani upande mmoja na mimi upande mwingine. Pale kitandani niliona kwamba wote wawili tulikuwa na nafasi ya kufanya jambo jioni ile na hatukulifanya, yeye kwa woga, mimi kwa hasira ya parachichi zangu. Makosa yetu hayalingani, najua, na mchungaji naye aliniambia hayalingani. Lakini baada ya hapo sikuweza tena kumtazama kama mtu wa aina nyingine.

Mama alimwambia jirani maneno ambayo nilisimuliwa baadaye: aseme hivyo kanisani, aseme na gulioni, kisha akaseme kwa serikali. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia achukue ndizi, maana zilikuwa nyingi.

Kanisani alisimama Jumapili iliyofuata. Jumatatu akashuka Tukuyu na mchungaji, akaenda polisi mwenyewe. Aliwataja aliowatambua. Wawili walikimbia, watatu wakakamatwa pamoja naye, na hapo ndipo kijiji kikatugeukia. Kulikuwa na watu waliosema tumefukua kaburi, na wake za wale waliokamatwa waliacha kuniamkia. Usiku mmoja ng'ombe wetu alifunguliwa, tukamkuta asubuhi kwenye mahindi ya mtu. Mjomba hajakanyaga nyumbani mpaka leo. Nilimwandikia, nilimfuata kwake mara moja, akanipa maji ya kunywa na hakunipa neno.

Kesi ilichukua muda mrefu. Ilipofika siku ya hukumu niliulizwa kama familia ina la kusema. Nilisema kwamba mdogo wangu hakuwa mwizi, iandikwe hivyo. Nilisema sisi hatutafuti damu ya mtu, mahakama itende haki yake. Nilitaka kuongeza kitu kuhusu Mungu, nikaacha, nikakaa.

Jirani alifungwa, na wale watatu pia. Mke wake alibaki na shamba na watoto. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapungiana mikono tu. Mwaka wa pili, wakati wa kuchuma, alikuja kuniomba ngazi, nikaenda nayo mwenyewe, tukachuma miti yake kwa siku mbili. Hatukuongea habari hizo. Tuliongea bei, na kikohozi cha mama, na yule binti ambaye sasa ana meno yake yote na anakataa kuoga. Watu walitushangaa, na mimi mwenyewe nilikuwa najishangaa. Kuna asubuhi nyingine naamka na hasira ile ile, nzima kabisa, kana kwamba haijawahi kuguswa, na inabidi niketi ukingoni mwa kitanda niiseme ile sala tena kabla sijafungua mlango. Nilidhani ukisamehe umemaliza. Mimi sijamaliza.

Wiki iliyopita mke wake alikuja. Aliketi kibarazani muda mrefu akizungumza mambo ya mbolea, na nilijua kuna jambo. Mwishowe akasema kwamba amepata taarifa, mume wake anatoka mwezi ujao.

"Dada," alisema, "nitakwenda kumchukua. Naogopa kwenda peke yangu. Utanisindikiza?"

Nilimtazama. Nilitafuta sababu na zilikuwepo nyingi: mama, ng'ombe, shule ya Jumapili. Nilifikiria lango linavyofunguliwa na yeye anatoka na mfuko wake, na mimi nimesimama pale, namwambia nini.

"Nitakuja," nikasema.

Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Nimeshauliza habari za magari ya asubuhi, nimeshafua gauni.